Maisha ya Rudolf Diesel, na Mashine Iliyonyamaza Katikati ya Mafuta

Leo nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku duniani, lakini wengi walitajao hawajui kuwa ni jina la mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Kwetu Rumonge, kando ya ziwa Tanganyika, mafuta ya malori tunayaita mazutu, na ndugu zetu wa Tanzania huyaita dizeli. Nilidhani dizeli ni neno la Kizungu tu kama mengine. Kumbe ni jina la ukoo wa mtu aliyekwenda shule kama sisi, akaumwa, akapata mali nyingi, akaipoteza, akafia baharini.

Kwanza niwaeleze sababu iliyonifanya nimtafute mtu huyu. Rumonge ni nchi ya michikichi, na baba yangu ana mashine ndogo ya kukamulia mawese inayoendeshwa na injini ya mazutu. Mwaka 2024 nchi yetu ya Burundi ilipatwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya injini. Niliporudi nyumbani likizoni nilikuta mashine ya baba imenyamaza, chikichi zinaharibika chini, na pembeni yake kuna mapipa ya mawese yaliyokamuliwa zamani kidogo. Mashine ilikuwa imekufa kwa kukosa mafuta, hali imezungukwa na mafuta.

Kaka yangu mkubwa hakuweza kuvumilia. Aliyapasha moto mawese kidogo, akayachuja kwa kitambaa, akayamimina katika tangi. Injini ikaitika! Ilitoa moshi mwingi, lakini ilifanya kazi, nasi tukashangilia kama watu walioona mvua baada ya kiangazi. Siku ya tatu ikaanza kukohoa, hata ikazimika kabisa. Fundi alipoifungua alikuta pua ya kunyunyizia mafuta imezibwa na masizi magumu kama lami. Baba hakumgombeza kaka. Alikaa tu juu ya pipa, akainama kimya. Malipo ya fundi yalikula karo yangu, nami nikarudi shuleni wiki tatu baada ya wenzangu.

Nilirudi na swali moja: kwa nini injini ile iliyakubali mawese kwanza, kisha ikayakataa? Nilimwuliza mwalimu wetu wa kemia. Hakunijibu papo hapo. Alinituma maktaba nikasome maisha ya mwenye injini, ndipo nirudi kwake. Haya ndiyo niliyoyapata.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria waliohamia huko kutafuta riziki. Baba yake, Theodor, alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, na huko Paris alikuwa akitengeneza vitu vya ngozi. Hawakuwa matajiri, na mtoto alisaidia kazi kwa kuwapelekea wanunuzi bidhaa zao. Alipopata nafasi alipenda kwenda katika nyumba ya makumbusho ya mitambo, akatazama mashine za kale na kuzichora.

Mwaka 1870 vita vilizuka baina ya Ufaransa na Wajerumani. Wajerumani waliokaa Paris wakaamriwa kuondoka, na jamaa ya Diesel wakakimbilia London wakiwa na mali kidogo tu. Ndipo Rudolf, mtoto wa miaka 12, alipotumwa Augsburg, Bavaria, akae kwa jamaa zao ili apate elimu. Aliyemlea huko alikuwa mwalimu wa hesabu. Wengi wetu tunaosoma mbali na nyumbani tunaweza kuelewa moyo wa mtoto yule. Alipokuwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba ameamua kuwa mhandisi. Baadaye wazazi walitaka aache masomo aanze kuchuma fedha, lakini alipata msaada wa masomo, na mwaka 1875 akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Munich.

Katika chuo hicho alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza baridi na barafu. Linde aliwaeleza wanafunzi jambo ambalo halikumtoka Diesel maisha yake yote. Siku zile viwanda vilikuwa vikiendeshwa na mashine za mvuke. Mashine hizo zilikuwa kubwa na zilikula makaa ya mawe bila kushiba, lakini katika joto lote la makaa yale, sehemu isiyofika hata kumi katika mia ndiyo iliyogeuka kuwa kazi. Joto lililobaki lilipotea hewani. Kijana yule aliona hiyo ni hasara ya aibu, akaanza kutafuta njia ya kuiondoa.

Mwaka 1879 alipokuwa tayari kwa mtihani wa mwisho alishikwa na homa ya matumbo, wenzake wakamaliza yeye akabaki. Hakukata tamaa. Alipopona alikwenda Winterthur, Uswisi, akafanya kazi katika kiwanda cha mashine, kisha Januari 1880 akafanya mtihani wake, akafaulu kwa alama za juu sana. Linde alimpeleka Paris katika kazi ya mitambo ya barafu. Mwaka 1883 akaoa, mkewe aliitwa Martha, wakapata watoto watatu. Mwaka 1890 walihamia Berlin. Mchana alifanya kazi ya mwajiri wake, na saa zake nyingine alizitumia kwa hesabu za mashine yake mwenyewe.

Wazo lake lilikuwa hili. Mtu akitia upepo katika gurudumu la baiskeli kwa pampu, akashika chini ya pampu, ataona imepata joto. Hewa ikibanwa hupata joto. Diesel alisema moyoni kwamba akiibana hewa sana ndani ya silinda, itakuwa na joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe, bila kiberiti wala cheche. Mafuta yanyunyiziwe humo kidogo kidogo, yawake, yasukume pistoni. Aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1892, akaipata mwaka 1893, na mwaka huo huo akatoa kitabu chake. Alitumaini kwamba mashine ya namna hiyo ingewafaa mafundi wadogo wenye karakana zao, ili wasimezwe na viwanda vikubwa vyenye mashine za mvuke. Yeye alikuwa mwana wa fundi mdogo, hakuisahau karakana ya baba yake.

Lakini kuandika ni jambo moja, na chuma ni jambo jingine. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilikubali kumsaidia, na kampuni ya Krupp ikatoa fedha. Katika majaribio ya kwanza, Agosti 1893, mafuta yaliwaka kweli, lakini kipimo cha mgandamizo kikapasuka kwa kishindo, vipande vikaruka. Diesel akaona kwamba hesabu zake nyingine zilikuwa zimepita kiasi, akazirekebisha. Mwezi wa Februari 1894 mashine ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja tu. Dakika moja, baada ya miaka mingi! Alirudi tena kazini. Mwezi wa Februari 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima mashine mpya mbele ya mashahidi, akaona kwamba inageuza kuwa kazi sehemu 26 katika mia za joto la mafuta. Hapakuwa na mashine ya joto iliyofika hapo kabla yake.

Sasa nafika mahali palipohusu swali langu. Watu wengi husema kwamba Diesel aliiunda injini yake kwa ajili ya mafuta ya karanga. Si kweli. Alifikiri juu ya mafuta ya taa na mengine ya ardhini, hata unga wa makaa ya mawe. Habari ya karanga ilikuja katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900. Huko kulikuwa na injini moja ndogo ya Diesel, iliyoonyeshwa na kampuni ya Otto. Serikali ya Ufaransa ilitaka ijaribiwe kwa mafuta ya karanga, kwa kuwa karanga zilikuwa nyingi katika makoloni yake ya Afrika, nayo ilitaka kujua kama makoloni hayo yangeweza kupata nguvu za mashine kutoka mashamba yao wenyewe. Injini ile, iliyoundwa kwa mafuta ya ardhini, ilipewa mafuta ya karanga bila kubadilishwa kitu, ikaenda vizuri, hata watazamaji wengi hawakutambua. Niliposoma hapo nilimkumbuka kaka yangu na sufuria yake ya mawese. Hakuwa mjinga kama alivyodhani baada ya siku ya tatu.

Diesel mwenyewe aliyafanyia majaribio mafuta ya mimea baadaye, na mwaka 1912 alieleza kwamba ingawa yanaonekana hayana maana sasa, siku moja huenda yakawa na thamani sawa na mafuta ya ardhini. Mwaka huo huo meli ya Denmark iitwayo Selandia ilianza kusafiri bahari kuu kwa injini za Diesel, bila makaa ya mawe.

Mtu angedhani kwamba mvumbuzi huyo alikuwa akila raha. Kweli alipata fedha nyingi kwa kuuza haki za uvumbuzi wake, hata Marekani, akajenga nyumba ya kifahari Munich. Lakini injini za kwanza zilizouzwa ziliharibika mara kwa mara, wanunuzi wakalalamika, wapinzani wakamshtaki kwamba uvumbuzi si wake. Kazi na mashaka vikamvunja afya, maumivu ya kichwa yakawa ya kila mara. Aliweka fedha zake katika ardhi na visima vya mafuta, zikapotea. Mwaka 1903 alitoa kitabu juu ya namna wafanyakazi wanavyoweza kuweka akiba pamoja na kumiliki viwanda vyao, nacho hakikupata wasomaji. Tena mashine yake, badala ya kumwokoa fundi mdogo kama alivyotumaini, ilichukuliwa zaidi na wenye viwanda vikubwa, na wenye meli za vita.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden pale Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Alikula chakula pamoja na wenzake, akaagana nao kwenda kulala, akaomba aamshwe asubuhi. Asubuhi kitanda chake kilikuwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilionekana juu ya sitaha. Siku chache baadaye mabaharia Waholanzi waliuona mwili baharini. Walitoa vitu vya mfukoni, na mwanawe akavitambua kuwa ni vya baba yake. Alikuwa na miaka 55, na mali yake ilikuwa imekwisha. Wengine husema alijitupa, wengine husema aliuawa, wengine kwamba aliteleza. Mimi sitaongeza neno juu ya jambo lililofunikwa na bahari. Ila nilihuzunika kwamba mtu aliyejua kupima hasara ya joto kwa hesabu kali namna ile hakupata wa kumpimia mzigo wake mwenyewe.

Baada ya kufa kwake mafuta ya ardhini yalipatikana kwa bei ndogo, na injini zikatengenezwa zaidi na zaidi kwa ajili ya mafuta hayo mepesi. Hata jina lake likapewa mafuta yenyewe. Nilipomrudia mwalimu na habari hizi, aliniambia kwamba sasa naweza kujijibu. Mawese ni mazito. Pua ya injini haiwezi kuyanyunyizia yakawa ukungu mwembamba, ila matone makubwa yasiyoungua yote, na yale yasiyoungua hugeuka masizi. Saa ya kwanza injini huvumilia, siku ya tatu haiwezi.

Dawa yake ilitafutwa na wengine. Mwaka 1937 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Brussels, aitwaye Chavanne, alipata hati ya uvumbuzi ya kuyageuza mafuta ya mimea kwa alkoholi yawe mepesi. Mafuta aliyoyatumia yalikuwa mawese, na Ubelgiji wakati ule ilikuwa ikipata mawese kwa wingi kutoka Kongo. Mwaka 1938 basi la abiria lilikwenda kati ya Brussels na Louvain kwa mawese yaliyogeuzwa hivyo. Fikirini, ndugu zangu! Miaka mingi kabla baba hajazaliwa, mawese ya ng'ambo ya ziwa letu yalikuwa yakiendesha basi Ulaya, na sisi tuliyakalia tukilia mafuta.

Mageuzi hayo si uchawi. Kila chembe ya mafuta ya kupikia ni kama mtu mmoja aliyeshika kamba tatu ndefu. Mtu huyo ni gliserini. Alkoholi ikija huzichukua kamba moja moja, na gliserini hubaki peke yake, ikazama chini. Kamba zilizoachana ni nyepesi, nazo ndizo mafuta ya injini. Lakini kazi hiyo huenda polepole mno bila kichocheo. Kichocheo kilichozoeleka ni soda kali ya watengeneza sabuni. Nayo huyeyuka humo humo, huwa taabu kuiondoa, na mafuta yakiwa machakavu au yana maji, unapata sabuni badala ya mafuta ya injini. Kwa hiyo wataalamu hutumia pia kichocheo yabisi, yaani kisichoyeyuka. Ukimaliza unakichuja, na waweza kukitumia tena. Kimoja kilicho rahisi ni chokaa iliyochomwa, na maganda ya mayai karibu yote ni mawe ya chokaa.

Basi mwalimu aliturusuhu, mimi na wenzangu watatu, kujaribu. Hatukutumia mawese mapya, kwa maana hicho ni chakula, na mama yangu angeninyima ugali angesikia nimeyachoma. Tulichukua mafuta machakavu ya jikoni kwetu, ambayo yangemwagwa. Maganda ya mayai 15 tuliyaosha, tukayakausha, tukayapeleka kwa mhunzi, akayachoma katika makaa yenye mvukuto kwa muda wa saa kadhaa. Maganda huhitaji joto la digrii 800 na zaidi. Yakatoka meupe, tukayasaga. Methanoli aliinunua mwalimu, na yeye peke yake ndiye aliyeigusa, maana ni sumu ya kupofusha na kuua, na mvuke wake hushika moto upesi. Asijaribu mtu nyumbani.

Mara ya kwanza tulishindwa, na kosa lilikuwa langu. Niliiacha chokaa wazi usiku kucha, ikanywa unyevu wa hewa, ikapoteza ukali wake. Tena sikuyachemsha mafuta kuondoa maji. Tulipata uji mzito wa sabuni usiofaa hata kufulia. Niliona aibu mbele ya wenzangu, maana mhunzi tulikuwa tumemlipa kwa fedha tulizochanga.

Tulianza upya. Mafuta lita 1 tuliyachuja na kuyachemsha mpaka maji yakaisha. Chokaa mpya, gramu 40, ilitoka katika chupa iliyofungwa vizuri. Methanoli ilikuwa mililita 400. Tulivikoroga katika chombo kilichofungwa, kilichokaa ndani ya maji ya moto ya digrii 60 na kitu, kwa saa tatu, tukipokezana. Kisha tukachuja chokaa, mwalimu akaitoa methanoli iliyobaki, tukaacha vitulie. Asubuhi tulikuta tabaka mbili, gliserini nyeusi chini, na juu mafuta ya rangi ya chai hafifu, yanayotiririka kama maji. Chokaa ile ile ilifanya kazi mara ya pili vizuri, na mara ya tatu ikachoka. Tulichanganya mafuta yetu nusu kwa nusu na mazutu, tukayatia katika injini ya pampu ya maji ya shule. Ikazunguka, ikapandisha maji, na moshi wake ulinukia mandazi.

Sitaki kujisifu. Lita moja haiokoi nchi, na mafuta machakavu ya shule moja hayawezi kuendesha mashine ya baba msimu mzima. Methanoli nayo hununuliwa kwa fedha, tena yatoka mbali. Lakini nilimwandikia kaka yangu barua ndefu, nikamweleza kwamba hakukosea njia, ila alisimama katikati yake, mahali pale pale walipofika watu wa Paris mwaka 1900. Baba aliisoma barua hiyo, na likizo iliyofuata nilimkuta amenitunzia maganda ya mayai katika kopo.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Diesel alizaa wazo, akalifia kabla halijakua. Yule wa Brussels akalilea kidogo, na wengine wanaendelea kulilea mpaka leo. Kwa hiyo, kaka zetu wa zamani wenye hoteli na vibanda vya kukaangia, tunawaomba msimwage mafuta yenu machakavu. Yatieni katika madumu, muwape wanafunzi waletao barua ya mwalimu wetu. Sisi tutayatafutia kazi.